Mhandisi Aliyeuliza Hapa Anapita Nani

Kila mchoro uliotandazwa mbele yake aliuuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Hapa anapita nani?" Aliweka kidole juu ya karatasi, mara nyingi mahali ambapo mchoraji hakuwa amechora kitu, akasubiri. Wageni walidhani anauliza habari za magari, wakaanza kumtajia malori ya Tunduma, mabasi ya Dar es Salaam na bajaji. Aliwaacha wamalize. Kisha alirudia swali lilelile kwa sauti ileile, na hapo ndipo walipotambua kwamba alikuwa ameuliza habari za watu.

Sitaeleza alizaliwa lini wala kwa nani. Mwenyewe hakuzipenda habari hizo, na sidhani kama zingetusaidia kumwelewa. Nitamwita Mhandisi, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita kwa miaka yote tuliyokuwa majirani jijini Mbeya, yeye akiniita Mwalimu. Vijana wa ofisini walimwita Injinia. Wanawake wauzao mboga sokoni Mwanjelwa, kwa sababu itakayoonekana baadaye, walimwita Mama Taa. Kazi yake ilikuwa kupanga taa za barabarani: nguzo isimame wapi, iwe na urefu gani, imulike upande upi, na nyaya zake zipite chini ya nini. Watu wengi hawajui kwamba kazi hiyo ipo; hudhani nguzo huota zenyewe kando ya lami. Nami nilikuwa miongoni mwao hadi barabara kuu inayokatiza jiji letu ilipoanza kuvunjwa ili ijengwe upya, pana zaidi ya ilivyokuwa. Mhandisi alitakiwa kuwaeleza wakazi mpango wa taa katika mikutano ya mitaa, akaniomba nimsaidie kuyaweka maelezo yake katika Kiswahili ambacho mtu angeweza kukisikiliza akiwa amesimama juani. Nilikuwa nimefundisha historia muda mrefu na nilijiona fundi wa sentensi. Nilikubali kwa majivuno kidogo.

Majivuno hayo hayakuvuka ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu, hapa umeandika 'mwanga wa kutosha.' Wa kutosha nini?"

"Wa kutosha kuona."

"Kuona nini?"

"Njia, Mhandisi. Mashimo, mawe, mtaro."

"Shimo ukaliona, mtu usimwone, umeona nini sasa?"

Nilifuta. Akanieleza, kwa utaratibu wa mtu apangaye vyombo mezani, kwamba barabara ya magari hupimwa kwa namna dereva anavyoiona lami, lakini njia ya waenda kwa miguu hupimwa kwa uso. Anayekuja lazima atambulike mapema, kabla hamjafikiana, ili uamue kama utamsalimia, utampisha au utakimbia. "Na mambo hayo matatu," alisema, "yote yanataka nafasi." Tangu siku hiyo niliacha kuandika neno "kutosha" bila kujiuliza linatosheleza nini, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya maandishi yangu ya zamani haiwezi kustahimili swali hilo.

Nyumbani kwake palikuwa na giza. Ndilo jambo la kwanza ambalo mtaa mzima ulimshangaa nalo. Alipohamia aliitoa taa iliyokuwa juu ya mlango wa baraza, balbu kubwa nyeupe ambayo mwenye nyumba alijivunia, akaacha tundu wazi. Mama wa duka la jirani alisema waziwazi kwamba injinia wa taa akikaa gizani, basi huyo ama ni bahili ama ana yake. Jioni niliyokwenda kumtembelea mara ya kwanza nilijiandaa kujikwaa. Sikujikwaa. Alikuwa ameficha taa ndogo chini ya ukingo wa kila kipandio, na nyingine nyuma ya mtungi wa maua, ikimulika ukuta. Ukuta uliurudisha mwanga huo kwa upole, nami niliweza kuyaona macho yake tangu langoni.

"Ile balbu ya zamani," alinieleza, "ilikuwa inamulika macho ya mgeni. Mgeni alikuwa haoni mwenyeji, anaona balbu tu. Unabisha hodi kwa balbu?"

Chuki yake dhidi ya taa inayoumiza macho ilimfuata hadi kanisani. Kila alipokwenda kwao Mafinga kwa mapumziko alipitiliza hadi Iringa mjini kumwona dada yake, na siku moja walisali pamoja katika usharika wa Kilutheri ambao ulikuwa umefunga taa mpya kubwa juu ya madhabahu, ikiwaelekea waumini. Baada ya ibada alimfuata mzee wa kanisa.

"Baba, taa ile igeuzwe."

"Mama, taa ile tumeichangia wote hapa."

"Ndiyo maana nataka mfaidi. Nimemsikia mchungaji saa nzima, lakini kama ni yeye aliyekuwa anahubiri siwezi kuapa."

Dada yake alimvuta kwa kitenge wakaondoka. Taa iligeuzwa, lakini dada hakumpeleka tena kwenye usharika ule.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni hili: mtu huyu aliyepima mwanga kwa nyuso hakuweza kushika sura ya mtu. Alikumbuka kwa usahihi wa kutisha kona, mteremko, mti uliokatwa, lakini nyuso zilimteleza. Alituita watu kwa nguo na kwa sauti. Alimkumbatia mgeni kabisa sokoni akimwulizia watoto wake, na kesho yake akampita mkuu wa ofisi yake kama anavyopita kibanda. Mke wangu aliponinunulia koti jipya, Mhandisi alinijibu salamu kwa adabu ya mbali, akaniuliza kama dawa yake ya kifua imefika.

"Mhandisi, mimi ni jirani yako."

"Ala, Mwalimu! Nisamehe. Nilidhani ni yule wa duka la dawa."

"Yule ana kipara."

"Na wewe hauko mbali naye," alisema, akaendelea na safari.

Nilipomuuliza iwapo kasoro hiyo ndiyo iliyomfanya apende nyuso katika kazi yake, alifikiri kwa muda, maana hakuwa mtu wa kukubali maelezo kwa sababu tu yanapendeza. "Labda," alisema. "Nyinyi mnaoona uso mkamjua mtu hapohapo hamjui kwamba ni kazi. Mimi najua ni kazi. Naijua kila asubuhi." Nimeweka jibu hilo hapa kama alivyolitamka.

Alikuwa mkali kwa wakubwa na mpole kwa watu wa njiani, na si kila mara ukali wake ulikuwa wa haki. Nilimwona akimrudishia kijana msomi mchoro wake mbele ya wenzake kwa sababu tu kijana alisema "kulingana na viwango" bila kutaja viwango gani. Alidai kwamba kila mtu aulizwe maoni, kisha alibishana na kila mtu aliyeyatoa. Simu aliipokea akitaka. Lakini mtu akimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene," alisimama hata mvua ikinyesha, akaipokea salamu kwa urefu wake wote, afya, nyumba, mashamba, wazee, bila kuruka kituo. Nilimtania kwamba barabara ingekamilika mapema kama Wahehe wangesalimiana kwa kifupi. Alinijibu kwamba kama watu hawatapata wasaa wa kusalimiana, yeye haoni barabara inajengwa ya nini.

Sasa niifikie habari ya njia ya chini, kwa kuwa ndiyo iliyompa jina lake la sokoni.

Barabara mpya, kabla haijapanda kuelekea Mwanjelwa, huvuka kijito juu ya daraja. Ili iwe tambarare, iliinuliwa juu ya tuta refu la udongo. Chini ya tuta hilo, upande wa bondeni, ilibaki njia ya miguu ambayo wakulima wa mabondeni hupita na mboga zao alfajiri, kabla jua halijatoka, wawahi wanunuzi wa jumla. Mpango uliokwishaidhinishwa uliweka nguzo ndefu katikati ya barabara, zikimulika magari pande zote mbili. Ulikuwa mpango mzuri, na Mhandisi hakuwahi kusema vinginevyo. Lakini tuta lingetupa kivuli, na kivuli chote kingeangukia njia ya chini. Juu kungekuwa mchana. Chini kungezidi giza lililokuwapo kabla ya taa, kwa kuwa jicho lililotazama juu halioni tena chini.

Katika mkutano wa mtaa uliofanyika ukumbini, baada ya mimi kusoma maelezo yangu yaliyosafishwa, mwenyekiti aliuliza kama kuna swali. Alisimama mwanamke wa makamo, muuza karoti, aliyejulikana kwa jina la Mama Subilaga. Alizungumza akiwa ametazama pembeni.

"Mimi naomba taa ya kule chini. Nina baba mkwe."

Watu walicheka, kwa maana hawakuona uhusiano. Mhandisi hakucheka. "Endelea, mama," alisema.

Lazima nieleze kwa ajili ya msomaji wa mbali. Miongoni mwa Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mtoto hakutani ana kwa ana na baba wa mumewe. Hamtazami, hatamki jina lake, na wakiwa njia moja, yeye mwanamke ndiye anayetoka njiani mapema na kumgeuzia mgongo hadi mzee apite. Mjini wengi wameiacha. Mama Subilaga alikuwa wa wale ambao hawakuiacha, na hakuishika kwa hofu: mzee huyo ndiye aliyemsimamia alipofiwa na mumewe, akahakikisha hakuna aliyegusa shamba lake. Kumpisha ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kumwonyesha kwamba hajasahau. Nao walipishana kila alfajiri, yeye akienda sokoni, mzee akienda misa.

"Tangu waanze kujaza ule udongo," alisema, "nimemgonga mara mbili. Uso kwa uso. Mara ya pili karoti zote chini, na yeye akainama kuniokotea. Mzee yule. Kuniokotea mimi. Nikiacha kupita pale, sokoni sifiki kwa wakati. Nikiendelea kupita, ipo siku nitashindwa kuishi ndani ya ule ukoo."

"Si ununue tochi?" mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Mikono yote iko kwenye beseni, kaka. Tochi niishike kwa meno?"

"Basi anunue mzee."

"Yeye anasema macho yake bado hayajafika kwenye tochi."

Walicheka tena, safari hii pamoja naye. Mwenyekiti alitaka kupita kwenye ajenda inayofuata, lakini Mhandisi alikuwa amekwishashuka jukwaani. Alimwuliza Mama Subilaga swali ambalo sikuwa nimeliandika: "Ukimwona, unahitaji hatua ngapi ili utoke njiani bila kukimbia?" Muuza karoti alifikiri, akaeleza kwa mikono: hadi pale, hadi kwenye ule mlango. Mhandisi aliutazama mlango kwa muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kupewa kipimo kilicho wazi namna ile.

Aliamua kujaribu. Fundi wa Mbalizi alimchomelea kichwa cha taa ya betri na kukifunga juu ya mlingoti, mlingoti wenyewe ukiwa wa msonobari ulioletwa na lori la mbao kutoka Mafinga, akausimamisha kando ya njia ya chini. Alfajiri moja aliwakusanya wauza mboga, akawagawa makundi mawili. Wa kundi moja wangetembea kuwaelekea wa kundi la pili mmojammoja, na kila mtu angetaja jina la anayekuja mara tu atakapomtambua. Mhandisi angechomeka kijiti pale anayekuja alipofikia. Vijiti vikisogea mbali, taa inafaa.

Vijiti vilisogea mbali kupita kiasi. Majina yalitajwa kabla anayetajwa hajaufikia hata ukingo wa mwanga. Kwa mujibu wa jaribio lile, njia ya chini haikuhitaji taa yoyote. Mhandisi aliinama juu ya vijiti vyake bila kuelewa, na mimi, niliyesimama pembeni na chupa ya chai, ndipo niliposikia kilichokuwa kikitendeka siku zote.

"Ugonile!" ilitoka sauti gizani.

"Ndaga!" ikajibiwa. "Huyo ni Mama Ambakisye, andika."

Walikuwa wakiamkiana. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba anaharibu jambo, maana kumwona mtu anakuja alfajiri na kukaa kimya ni kumtukana. Mhandisi, ambaye mwenyewe husimama mvuani kwa ajili ya salamu, hakuwa ameliwaza hilo hata kidogo. Akawakataza. Walijaribu. Mwanamke wa kwanza alimpita wifi yake kimya, na wifi alipofika mwisho aligeuka akauliza kwa sauti ya kuumia amemkosea nini. Wa pili alikaza midomo hadi katikati, kisha akashindwa akaamkia, akaomba radhi kwa kuamkia.

"Injinia," alisema mmoja, "unataka tupishane kama ng'ombe?"

Mhandisi aliketi juu ya jiwe akacheka mpaka akajifuta machozi. Alipomaliza alimwita Mama Subilaga, akamnong'oneza. Mama Subilaga aliinua uso, akawatangazia wenzake kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha:

"Sikilizeni. Kuanzia sasa, kila anayekuja ni baba mkwe."

Kimya kikaingia mara moja. Hakuna aliyehitaji kuelekezwa, kwa kuwa mbele ya mkwe ukimya ni heshima. Mwanamke mmoja wa kabila la Wasafwa alilalamika kwamba yeye mkwe wake humwamkia kila siku na hata kumtania. Akaambiwa ajikaze, leo ameolewa Unyakyusani. Kisha wakatembea. Mmoja baada ya mwingine walikuja katika mwanga, na aliyekuwa akingoja, mara tu alipomtambua, alitoka njiani bila neno, akageuza mgongo. Mguu wake ulipoiacha njia, Mhandisi alichomeka kijiti pale anayekuja alipofikia. Wakubwa kwa wadogo walipishwa kwa taadhima. Vijana wa ofisini, waliokuja na miayo, walijikuta wakipita wakiwa wameinua vifua kama wazee wa ukoo. Kulipopambazuka, safu ya vijiti ilikuwa imesimama majanini, na safari hii ilisema ukweli: taa fupi, za karibu, upande wa bondeni. Hakuna namna taa za katikati ya barabara zingefanya kazi hiyo.

Msimamizi wa mradi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mpango ulioidhinishwa na masika yaliyokaribia. Nilikuwapo Mhandisi alipomfuata pale tutani, greda likinguruma nyuma yao.

"Njia ya chini haimo kwenye taa, Injinia. Unajua hilo kuliko mimi."

"Najua. Sikuombi taa."

"Unaomba nini?"

"Mabomba."

Alimweleza. Umeme ulipita upande wa juu wa barabara. Siku yoyote ambayo mtu angetaka kuwasha taa bondeni, nyaya zingelazimika kuvuka chini ya lami. Lami ikishamwagwa, hakuna atakayekubali kuikata, na njia ya chini ingebaki gizani hadi barabara nyingine ijengwe. Lakini sasa udongo ulikuwa wazi. Kulaza bomba la plastiki kutoka upande hadi upande ilikuwa kazi ya muda mfupi, na vipande vilivyobaki kwenye mtaro mwingine vilikuwapo palepale.

"Nikiulizwa hili bomba tupu ni la nini?"

"Sema la taa."

"Taa zipi?"

"Zitakazokuja."

Msimamizi alilitazama wingu, akamtazama Mhandisi, akalitazama greda. "Maliza kabla ya mvua," alisema, akaondoka.

Alimaliza. Ndani ya kila bomba alipitisha kamba ya manila, akaifunga kwenye jiwe huku na huku, ili atakayekuja aifunge kwenye waya na kuuvuta. Mwishoni mwa kila bomba, upande wa bondeni, alijenga chemba ya zege, yaani kisanduku ambamo nyaya zingeunganishwa. Chemba za namna hiyo huzama ardhini, mfuniko ukilingana na udongo. Yeye alizitaka ziinuke hadi kiunoni.

"Mama, hii ni chemba au meza?" fundi aliuliza.

"Vyote viwili. Kitu kisichotumika watu hukisahau mahali kilipo."

Sikuelewa hadi barabara ilipofunguliwa. Wauza mboga waligundua kwamba mfuniko ulio kiunoni ni mahali pazuri pa kutua beseni na kupumzisha shingo. Chemba zikawa vituo vyao. Zilipakwa chokaa na watu ambao hawakutumwa, na nyasi zilizozizunguka zilikatwa.

Taa za juu ziliwaka kwa sherehe. Njia ya chini ilibaki gizani, na kila aliyepita aliona tofauti. Mama Subilaga alianza kutoka nyumbani mapema mno ili mzee asimkute njiani, akapitia giza zaidi ili kuepuka giza. Mhandisi alikwenda kila ofisi iliyokuwa na mlango. Nilimsaidia kuandika maombi, naye aliyakata maneno yangu mazuri yote, akaacha yale yaliyotaja nani anapita. Kisha alistaafu, akahamia Mafinga, ambako niliambiwa alibishana na wenye viwanda vya mbao kuhusu taa za mageti yao. Nilidhani habari imekwisha hivyo.

Haikuisha. Awamu nyingine ya kazi iliidhinishwa, na ndani yake, kwa sababu mabomba yalikuwapo na gharama ya kukata lami haikuwapo, taa za njia ya chini ziliingia bila ubishi. Kikosi kilichokuja kilikuwa cha vijana ambao hawakumjua Mhandisi. Waliuliza mabomba yako wapi, na mwanamke wa kwanza waliyemkuta njiani aliwaonyesha: pale tunapotulia mizigo. Walifunua mfuniko wakaikuta kamba. Waliifunga kwenye waya, wakavuta, na waya ukatokea upande wa pili.

Nilimpigia simu. Ajabu, alipokea.

"Kamba zilikatika?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hazikukatika."

"Hata moja?"

"Moja."

"Ile ya karibu na daraja. Nilijua. Fundi alikuwa na haraka siku ile." Nikamweleza kwamba wamesukuma waya mgumu wa kuvutia, na kazi imekwisha. Hapo akaniuliza kwa Kihehe habari za nyumba yangu, kituo baada ya kituo.

Nilimwona tena wiki chache baadaye. Alikuja kwa basi, akalala kwa rafiki, na alfajiri tukapanga kukutana kwenye njia ya chini. Nilifika wa kwanza, nikasimama kando ya nguzo iliyo karibu na daraja nikiwa nimevaa koti ambalo hakuwahi kuliona. Nilimwona akija kutoka upande wa soko, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, amejifunika shali ya baridi ya kwao. Sikumwamkia. Nilikaa kimya kabisa, jambo ambalo hapa petu ni utovu wa adabu, nikamtazama anavyokuja. Alipokuwa bado mbali, alisimama.

"Mwalimu," alisema. "Umenyamaza makusudi."

"Nilikuwa napima."

"Taa au mimi?"

"Vyote viwili."

"Basi andika kwamba taa ni nzuri," alisema, "maana mimi unanijua." Na ndipo tukaamkiana, kwa urefu wake wote.

Tulikuwa hatujamaliza wakati Mama Subilaga alipotokea kutoka bondeni, beseni la karoti kichwani, akitembea bila haraka. Kwa upande wetu, akitupita, alikuja mzee mrefu mwenye fimbo na kofia ya sufu, akielekea kanisani. Wawili hao walikuwa bado mbali, mbali kama ule mlango wa ukumbini, mwanamke alipopunguza mwendo, akatoka njiani akakanyaga nyasi, akatua beseni juu ya mfuniko wa chemba, akageuza mgongo akasimama wima. Mzee aliendelea na mwendo wake. Alipolingana naye alikohoa mara moja, kikohozi kidogo kisicho cha ugonjwa, akapita. Mama Subilaga alingoja hadi fimbo isisikike tena. Kisha akajitwika beseni, akarudi njiani.

Mhandisi alikuwa ameegemeza mkono wake kwenye nguzo. Sijui kama aliikumbuka sura ya mwanamke yule, nadhani hakuikumbuka. Alilitambua beseni.

Mama Subilaga alipotufikia, alimwona, akasimama. "Mama Taa," alisema.

"Kamwene," alisema Mhandisi, akamshika mkono ulioachia beseni. "Mzee amekuona?"

"Nimemwona mimi kwanza," alisema Mama Subilaga.